Heri Ife Bushi

Mtu anunuaye gari jipya hununua pamoja nalo muhula wa miaka kadhaa ya kutofikiri, kwa sababu walioliunda wamekwisha kufikiri kwa niaba yake. Lakini yule aliyejaaliwa kumiliki gari kuukuu hana budi kuzishika mwenyewe fikira hizo pale walipoziachia waundaji, na kila kifaa anachokibadilisha ni hukumu anayoitoa, ama kwa maarifa au kwa kubahatisha, juu ya umri uliobaki wa chombo chake. Katika hukumu hizo hapana zilizo nzito kuliko zile zihusuzo vifaa vya chini, yaani springi, shokapu, bushi na bolujointi, ambavyo mwenye gari havioni akiwa ameketi kitini, ilhali ndivyo vinavyopokea kila pigo la barabara kabla halijamfikia yeye na abiria wake. Nimeishi na gari kuukuu kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na katika maisha hayo nimejifunza jambo ambalo ningependa kulieleza kwa taratibu, kwa kuwa likisikika mara ya kwanza huonekana kinyume cha akili: kwamba kifaa kinachodumu kuliko vyote si lazima kiwe ndicho kinacholidumisha gari.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 ya familia, lile refu lenye safu tatu za viti, ambalo nililirithi kwa marehemu ami yangu mjini Tanga. Wasomaji walio vijana huenda wasiijue heshima iliyokuwa nayo aina hiyo katika nchi zetu. Ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatunukiwa cheo cha Gari la Mwaka la Ulaya. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa amekwisha kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mfululizo miaka ya 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa miaka miwili ya mwanzo ya mfululizo huo uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, jambo ambalo watu wa rika la ami walilisimulia kwa fahari kana kwamba wao ndio walioshika usukani. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504 yenyewe, mikononi mwa Ove Andersson wa Sweden. Sifa hizo hazikuletwa na kasi peke yake. Magari hayo yaliundwa ili magurudumu yapande na kushuka masafa marefu bila kuligonga bodi. Kiwanda kilikuwa kikitengeneza shokapu zake chenyewe badala ya kuziagiza kwa wengine. Na lile la familia, kwa kuwa lilikusudiwa kubeba watu na mizigo, liliwekewa nyuma springi mbili za koili kila upande juu ya ekseli moja nzima.

Ami alilitumia baina ya Tanga na Pangani, katika barabara ambayo zama zile ilikuwa ya udongo na changarawe, ikipita Tongoni na Kigombe kati ya mashamba ya mkonge, mahali ambapo matela ya matrekta yalichimba mifereji wakati wa masika na jua la kiangazi likaikausha ikawa migumu mithili ya saruji. Gari lilibeba maharusi na likabeba maiti, likabeba nazi na magunia ya mkaa, na mara nyingi likabeba vyote hivyo kwa ukarimu uliozidi idadi ya viti vyake. Lilipofika mikononi mwangu injini ilikuwa bado na siha njema, lakini chini kulikuwa na kilio. Likipita tuta liligonga mara mbili, kisha likaendelea kunesa; nikikanyaga breki, pua yake ilichota mbele; matairi yalilika kwa mabaka, na usukani ulikuwa na mchezo uliomfanya dereva asahihishe njia yake hata mahali palipokuwa pamenyooka.

Kila aliyelipanda alikuwa na nasaha, na nasaha ya wote ilikuwa moja: badilisha shokapu. Nikalipeleka Ngamiani kwa fundi mzee aliyejifunza kazi katika karakana ya shamba la mkonge, mtu wa maneno machache ambaye hakupenda kufungua nati kabla ya kutazama. Aliliegemea gari kwenye pembe ya mbele, akalikandamiza kwa uzito wake wote, akaliachia. Likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka. Alifanya hivyo kwenye pembe zote nne, kisha akalala chini na mtaimbo mkononi, akautia baina ya mkono wa gurudumu na bodi, akautikisa taratibu, nami nikauona mpira wa bushi ukiachana na chuma chake na kufumbua mdomo mweusi.

"Mwalimu," aliniambia akiwa bado chini, "shokapu imekufa, sikatai. Lakini shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi. Shokapu kazi yake kuituliza springi isiendelee kucheza. Na hii bushi ikiwa hivi, hata ukitia shokapu mpya, utaila mwaka huu huu."

Maneno hayo yalikuwa mlango wa elimu yote niliyoipata baadaye. Springi hubeba uzito na kulipokea pigo. Lakini springi iliyokandamizwa hurudi kwa nguvu ile ile, na isipozuiwa itaendelea kupanda na kushuka hadi ichoke yenyewe. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vyembamba, na kule kupita kwa taabu ndiko kunakougeuza mchezo wa springi kuwa joto linalopotelea hewani. Ndiyo maana ukiigusa shokapu nzima baada ya safari ndefu ya njia mbovu utaikuta ina moto. Bushi hushika viungo mahali pake huku ikiviruhusu vijongee kwa kiasi, na bolujointi huliwezesha gurudumu kugeuka na kupanda kwa wakati mmoja. Asiyeyajua majukumu haya atanunua shokapu ghali ili kulinyanyua gari lililolala, na kumbe kilicholala ni springi. Au atapima alaimenti kila mwezi, na kumbe kinachoihamisha ni bushi iliyochanika.

Fundi akanipangia pia utaratibu wa matumizi, kwa kuwa aliijua mishahara ya walimu. Kwanza bolujointi na tairodi, yaani vyuma vinavyoliunganisha gurudumu na usukani, kwa sababu hizo zikichomoka gurudumu hulala au huacha kuutii usukani, na roho za watu huwa hatarini. Pili bushi. Tatu shokapu. Mwisho springi, na hizo nazo ikiwa tu kipimo kitaonyesha kwamba gari limeshuka au limeinamia upande mmoja. Naupendekeza utaratibu huo mpaka leo, kwa maana wengi huanza na kile kinachowaudhi masikioni na kukiacha kile kinachoweza kuwaua.

Baada ya kujua kilichokufa, ilibaki kujua cha kununua, na hapo ndipo soko linapomtia mtu katika mtihani. Uundaji wa magari ya abiria ya 504 kule Ufaransa ulikoma mwaka 1983, na spea zilizotoka kiwandani katika maboksi yake zikazidi kuadimika na kupanda bei. Lakini gari hilo liliendelea kuunganishwa Kenya kwa miaka mingi baadaye, na kwa hiyo sisi wa Tanga tulipata vingi kutoka Mombasa kwa njia ya Horohoro. Vifaa vilikuwa vya daraja nne: orijino za kiwanda cha gari, za viwanda vya spea vyenye jina, ambavyo aghalabu huviuzia viwanda vya magari vyenyewe na kisha kuuza kazi ile ile katika maboksi yao, za kuiga, zilizopambwa kwa rangi na bei nyepesi, na mtumba uliofunguliwa katika magari yaliyokwisha kuanguka.

Hukumu yangu juu ya daraja hizo ni kwamba ya pili ndiyo inayomfaa mtu wa kipato cha kadiri, na kwamba mtumba haustahili kukataliwa wote wala kukubaliwa wote. Mkono wa chuma usiopinda wala kuliwa na kutu waweza kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine bila wasiwasi. Lakini mpira na shokapu za mtumba ni israfu hata zikitolewa bure, kwa maana mpira huzeeka ukitumika na huzeeka usipotumika. Joto na hewa huukausha ungali rafuni, na boksi lenye jina kubwa lililokaa dukani muda mrefu laweza kuwa na mpira uliokufa kabla ya kuzaliwa.

Siku tuliyokwenda kununua bushi nilimtazama fundi jinsi alivyofanya muamala. Muuzaji aliweka juu ya kaunta bushi mbili zilizofanana kwa macho, moja ikiwa na bei karibu mara tatu ya mwenziwe. Fundi akazichukua mkononi kwa zamu akizilinganisha uzito. Akaiminya ya kwanza kwa ukucha wa gumba. Alama ikaingia, kisha ikafutika polepole. Akaiminya ya pili. Ukucha ukateleza, na palipoteleza pakabaki unga wa kijivu. Kisha akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama pale mpira unapokutana na bomba la chuma la katikati. Katika ile ya ghali mpira ulikuwa umegandamana na chuma pande zote; katika ile ya rahisi palikuwa na ufa mwembamba, naye akatoa wembe mfukoni, akaupitisha.

"Mzee, unanunua au unapima?" muuzaji aliuliza kwa kuudhika kidogo.

"Napima, mwanangu, ili ninunue mara moja."

Hali kadhalika bolujointi: mpya iliyo njema hugeuka kwa ugumu ulio sawa pande zote, bila kulegea mahali na kukaza mahali, na mfuko wake wa mpira hubanwa vizuri shingoni, kwa sababu mfuko huo ukichanika mchanga huingia, grisi hugeuka kuwa tope la kusaga, na chuma kizuri kuliko vyote hakitauvumilia mchanga wa Pangani. Ile yenye tundu la kupachikia bomba la grisi ni bora kwa mtu mwenye nia ya kuihudumia. Ile iliyofungwa kabisa ni bora kwa mtu ambaye anajijua kwamba hataihudumia. Kila mmoja na ajipime kwa insafu kabla ya kuchagua.

Nalifikia sasa jambo kubwa zaidi. Katika duka hilo hilo palikuwapo bushi za aina ya tatu, za poliyurithini, ile plastiki ngumu yenye rangi nyekundu au ya manjano, ambazo muuzaji alizisifu kwamba hazichaniki, haziliwi na mafuta wala hazijui jua. Sifa hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa kweli. Jirani yangu mmoja, mchuuzi wa samaki aliyekuwa na gari kuukuu la saluni la kwendea pwani alfajiri, alizinunua akazifunga mbele na nyuma, na kwa muda usukani wake ukawa mwepesi wa kutii kuliko wa majirani wote. Bushi zile hazikufa. Kilichokufa kilikuwa mahali ziliposhikwa: bati la bodi, ambalo chumvi ya bahari na maji ya barafu ya samaki yalikuwa yameshalidhoofisha kwa ndani, likaanza kufanya nyufa kuzunguka bolti za mikono ya gurudumu, akalichomea kwa welding, likapasuka kando ya mshono, akachomea tena, likapasuka mbele zaidi, mpaka gari likawekwa juu ya mawe, nazo bushi zikafunguliwa zikiwa nzima kabisa.

Mwanamke achotaye maji hujitwisha mtungi juu ya kata, na kata hiyo ya nguo kuukuu huchakaa, hufumuka, hutupwa, ikasokotwa nyingine. Wala hapana mwenye akili timamu ambaye angemshauri asokote kata ya waya ili idumu. Bushi ya mpira imewekwa ichakae. Pigo la barabara halipotei kwa sababu kifaa kimekataa kuumia. Linatafuta kilicho dhaifu baada yake, na katika gari la umri mkubwa kilicho dhaifu baada ya bushi ni bodi lenyewe, kitu ambacho hakiuzwi dukani. Sisemi kwamba poliyurithini haina kazi. Katika gari la mashindano, ambalo bodi lake limeimarishwa na ambalo dereva wake anataka gurudumu litii hadi unywele, ina haki yake. Na mahali ambapo mafuta yanavuja bila kukoma itaishi pale ambapo mpira wa asili ungevimba na kuoza. Lakini gari langu halikuwa la mashindano, na uvujaji wa mafuta dawa yake ni kuuziba.

Tangu hapo kipimo hicho nimekitumia kwa kila kifaa. Nilipochagua shokapu niliambiwa kwamba ile ya bomba moja, yenye gesi iliyoshindiliwa kwa nguvu, hupoa upesi na haichoki kwa matuta ya mfululizo; na hilo ni kweli. Lakini bomba lake la nje ndilo hilo hilo ambalo pistoni husafiri ndani yake, kwa hiyo jiwe moja likilibonyeza pistoni hukwama, ilhali shokapu ya mabomba mawili hubonyezwa bomba la nje na la ndani likaendelea na kazi. Kwa barabara ya mawe nilichagua ya mabomba mawili yenye gesi kidogo ya kuzuia mafuta yasifanye povu, nikakubali kwamba katika mwendo mrefu wa kasi itachoka mapema kuliko mwenziwe. Nilinunua mbili mbili kwa kila ekseli, kwa sababu mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya gari lisijue limtii nani kwenye kona.

Kwa springi vishawishi ni vikubwa zaidi, maana mtu akiona gari limelala nyuma hutamani kulitia springi nene za gari kubwa zaidi. Likiwa na shehena litasimama vizuri. Likiwa tupu litarukaruka, shokapu zilizopimwa kwa springi laini zitashindwa kulituliza, na mapigo yataishia, kwa mara nyingine, kwenye bodi. Niliagiza springi za kipimo kile kile cha kiwanda na nikapunguza magunia. Wako pia wanaozikata springi kwa moto au kuzichomea zilizovunjika. Hao wajue kwamba nguvu ya springi imo katika namna chuma chake kilivyopashwa na kupozwa kiwandani, na moto wa gereji huiondoa nguvu hiyo pale unapogusa.

Hata kifaa chema hufishwa na ufungaji mbaya, na hapa nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni ghalati niliyoiona ikitendwa na mafundi wengi hodari. Gari likiwa juu ya jeki magurudumu huning'inia, na mikono yake huelekea chini. Fundi mwenye haraka huikaza nati ya bushi papo hapo. Bomba la chuma la ndani hubanwa likashikamana na bodi, na mpira hufungwa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likiteremshwa, mkono hupanda, na mpira hujikuta umesokotwa kabla hata safari haijaanza, ukakaa hivyo usiku na mchana mpaka uchanike. Fundi wangu aliziacha nati zote zimeshikwa kwa mkono tu, akalishusha gari chini, akaniomba niingie nyuma pamoja na vijana wake wawili, akalitikisa likae mahali pake, ndipo akatambaa chini na spana na kuzikaza moja baada ya moja huku sisi tumeketi kimya kama wasafiri wa kwenda Pangani. Bolti alizipaka grisi zisishikwe na kutu, lakini kwenye mpira hakutia hata tone. Alipohitaji kuuteleza uingie alitumia maji ya sabuni. Shokapu nazo, kabla ya kuzifunga, alizisimamisha wima, akazivuta na kuzishindilia mara kadhaa mpaka hewa iliyojificha katika mafuta ikatoka na mvuto ukawa sawa mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo yaliyobaki yalikuwa juu ya mwenye gari. Sisi wa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui, nayo ni chumvi; kwa hiyo nililiosha gari chini kwa maji baridi kila lilipotoka ufukweni, na rangi ya springi ilipochubuka niliipaka upya, kwa sababu ufa wa springi huanzia kwenye kidonda kidogo cha kutu. Niliziba mafuta ya injini yaliyokuwa yakidondokea bushi ya mbele, nikajifunza kulipita tuta polepole bila kukanyaga breki juu yake. Bushi zile za mpira zilichakaa kama ilivyotarajiwa, zikabadilishwa, zikachakaa tena. Na kila zilipofunguliwa tulilipangusa na kulikagua bati lililozishika, tukalikuta zima.

Kwa ajili hiyo, kijana mwenye gari kuukuu anijiaye kutaka shauri la kununua vifaa vya chini, nami namwona ameshika karatasi yenye swali moja tu, kipi kitadumu zaidi, humwomba aandike chini yake swali la pili: kikidumu hiki, ni kipi kitakachoumia badala yake? Akijibiwa kwamba kitakachoumia ni kitu kinachopatikana Ngamiani, au Gerezani kule Dar es Salaam, kwa bei anayoimudu, na anunue. Akijibiwa kwamba kitakachoumia ni bodi, basi akirudishe kifaa hicho juu ya kaunta hata kama boksi lake limeandikwa dhamana ya maisha, kwa maana dhamana hiyo ni ya maisha ya kifaa, na aliyeiandika hakuahidi neno lolote juu ya maisha ya gari.